Jinsi manesi wanavyojifunza kwa mgonjwa asiyekuwapo

Kama umewahi kulazwa katika hospitali ambako wanafunzi wa uuguzi hupelekwa kujifunza kazi, bila shaka waikumbuka asubuhi ile. Mlango wa wadi unafunguliwa, wanaingia vijana sita au saba wenye sare zilizopigwa pasi zikanyooka, kila mmoja na kijitabu chake mkononi. Msimamizi wao anawagawia vitanda. Nawe uliyelala pale na maumivu yako unaanza kuomba kimoyomoyo upewe yule anayeonekana kakomaa kidogo.

Mimi sikupata bahati hiyo. Miaka kadhaa iliyopita niliwekewa dripu na msichana ambaye mikono yake ilitetemeka kuliko yangu. Sindano ya kwanza ilikosa mshipa. Ya pili nayo ikakosa, na mkono ukaanza kuvimba. Alipoichukua ya tatu niliona machozi yakimlengalenga.

"Pole sana," alininong'oneza.

"Usijali, sista, jaribu tena," nikamjibu, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaanza kukasirika.

Mzee aliyelazwa kitanda cha pili alipoyaona hayo alivuta blanketi, akafunika mikono yake yote miwili. "Mtoto lazima ajifunze," alisema, "lakini si kwa mkono huu."

Wadi nzima ilicheka, hata yule msichana. Lakini hebu tulitazame vizuri neno la mzee yule, msomaji. Mtoto lazima ajifunze. Kama si kwa mkono wa mzee, wala si kwa mkono wangu, basi ni kwa mkono wa nani?

Hilo ndilo swali ambalo vyuo vya uuguzi vimekuwa vikihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 100. Jibu la kwanza la maana lilitoka Marekani. Mwaka wa 1911, chuo cha wauguzi cha Hartford Hospital katika jimbo la Connecticut kilipata mwanasesere wa kimo cha mtu mzima. Aliyemuunda ni Martha Chase, mama aliyejulikana kwa kutengeneza wanasesere wa watoto huko Rhode Island. Mwanasesere huyo naye akaitwa Mrs. Chase. Wanafunzi walimvisha nguo, wakamgeuza kitandani, wakajifunza kumhamisha bila kumwangusha, na alipoanguka hakuna aliyeshtakiwa.

Mnamo 1960 akaja mwingine aitwaye Anne, aliyeundwa na Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya watoto vya kuchezea katika mji wa Stavanger, Norway. Laerdal alikuwa na sababu yake. Miaka michache kabla ya hapo mwanawe mdogo aliponea chupuchupu kufa maji, na baba mtu ndiye aliyemwopoa. Ukiona watu wamepiga magoti wakibonyeza kifua cha sanamu katika darasa la huduma ya kwanza, huenda sanamu hiyo ni Anne au jamaa yake.

Siku hizi wapo wanasesere wanaopumua, wanaopepesa macho na hata wanaozungumza, mkufunzi akiwa amejificha chumba cha pili na kipaza sauti. Bei yao ni ya kutisha. Walakini uso wao ni ule ule wa plastiki. Wengi wao hawawezi kuukunja kwa uchungu, wala kukodoa macho kwa hofu ya mtu anayekosa pumzi. Nawe ukimwuliza muuguzi yeyote mwenye miaka mingi kazini atakwambia kwamba mara nyingi hutambua mgonjwa amezidiwa hata kabla ya kuchukua mashine ya presha. Humtazama tu usoni.

GITHERI

Hapo ndipo inapoingia ile teknolojia ambayo Waswahili wengine wameanza kuiita uhalisia mseto. Jina lisikutishe. Bila shaka umewaona vijana madukani wakiwa wamefunikwa macho kwa mashine nyeusi, wakirusha ngumi hewani kama waliopandwa na pepo. Ule ni uhalisia pepe: mtu hutolewa kabisa katika chumba alimo, akatiwa katika dunia iliyochorwa na tarakilishi. Katika uhalisia mseto hutolewi popote. Unavaa miwani, unaendelea kuiona meza, dirisha na mwenzako aliyesimama kando yako. Ila katika kitanda kilichokuwa kitupu, sasa unaona mtu amelala.

Watafiti Paul Milgram na Fumio Kishino waliyapanga mambo haya katika makala yao ya mwaka wa 1994. Walisema tuchore mstari mmoja: mwisho wa huku uwe ulimwengu kama ulivyo, mwisho wa kule uwe ulimwengu wa kuundwa mtupu, na kila kilicho katikati ni mchanganyiko. Mimi naona githeri ndiyo inayoeleza vyema zaidi. Mahindi yanabaki mahindi, maharagwe yanabaki maharagwe, lakini sufuria ni moja.

Mwaka wa 2016 kampuni ya vitabu na elimu ya Pearson ilitangaza kwamba ingeshirikiana na vyuo viwili vya Marekani, San Diego State University na Texas Tech University Health Sciences Center, kuwafunza wanafunzi wa uuguzi kwa njia hii. Waigizaji walipigwa picha kutoka kila upande wakijifanya wagonjwa, kisha picha hizo zikatiwa ndani ya miwani ya HoloLens ya kampuni ya Microsoft. Mwanafunzi aliweza kumzunguka mgonjwa, akainama kumtazama usoni, akarudi nyuma, na mgonjwa akabaki pale pale alipo kama mtu wa kawaida.

Mnamo Juni 2022 ikawa zamu ya Uingereza. Hospitali za Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na chuo chenyewe na kampuni ya GigXR ya Marekani, zilianzisha mafunzo yaitwayo HoloScenarios. Somo la kwanza lilihusu magonjwa ya kupumua, wakianza na mgonjwa wa pumu. Baadaye zingefuata hali nyingine kama vile mzio mkali, damu iliyoganda mapafuni na nimonia. Wanafunzi wote waliomo chumbani humwona mgonjwa yule yule mmoja. Mkufunzi naye ana uwezo wa kumbadilisha hali papo hapo, akamwongezea shida, na akaandika kila lililosemwa. Asiye na miwani anaweza kufuatilia kwa simu, hata akiwa nchi nyingine.

Pengine unajiuliza, msomaji, haya yote yana faida gani ilhali hospitali zetu zimejaa wagonjwa wa kweli?

Chukua mfano wa mzio mkali. Mgonjwa amepewa dawa kwa sindano, tuseme penisilini. Baada ya dakika chache anaanza kujikuna. Midomo inavimba, pumzi inatoka kwa mluzi, anashika koo. Mtu huyo aweza kufa haraka sana. Linalotakiwa linajulikana: dawa isimamishwe, msaada uitwe, mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, au aachwe aketi kama pumzi inamsumbua, na adrenalini idungwe katika msuli wa paja bila kukawia.

Sasa, mwanafunzi anaweza kumaliza miezi yake yote wadini asimwone mgonjwa wa namna hii hata mmoja. Wagonjwa hawaji kwa kufuata ratiba ya chuo. Na siku atakapotokea, mwanafunzi ndiye atakuwa wa kwanza kusukumwa kando ili wakubwa wafanye kazi. Atayaona mambo kupitia katikati ya migongo ya watu. Miaka miwili baadaye, akiwa peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya mbali, ndipo atakapokutana naye ana kwa ana.

Mgonjwa wa mwanga huja anapoitwa. Mkufunzi akitaka mzio mkali Jumanne saa nne asubuhi, ataupata. Tena mwanafunzi huachwa akosee. Akikimbilia kupima presha badala ya kuchukua adrenalini, hakuna atakayempokonya kazi. Atatazama jinsi midomo inavyozidi kuvimba na mgonjwa anavyozidi kulegea, mpaka mwenyewe atambue kwamba wakati umekwisha. Kisha mkufunzi anamrudisha mgonjwa mwanzo, na kazi inaanza upya.

Nakiri kwamba niliposoma habari hizi mara ya kwanza niliziona kama mchezo wa watoto wa matajiri. Nilipoufikiria mkono wangu uliovimba, nikabadili nia kidogo.

MIKONO

Lakini tusishangilie mapema. Mgonjwa wa mwanga ana kasoro moja kubwa: ukinyoosha mkono kumgusa, mkono unapita. Huwezi kuisikia joto la ngozi yake. Huwezi kuupapasa mshipa ukajua huu ni laini, ule umekakamaa. Yule msichana wangu wa dripu angeweza kuvaa miwani mwezi mzima na bado sindano ikakosa, kwa kuwa tatizo lake lilikuwa kwenye vidole.

Miwani yenyewe ina shida zake. HoloLens ya pili, iliyotangazwa mwaka wa 2019, ina uzito wa gramu 566, zaidi ya nusu kilo kichwani. Picha huonekana katika sehemu ya mbele tu, kana kwamba unamtazama mgonjwa kupitia dirisha dogo. Ukigeuza shingo kidogo, miguu yake inapotea.

Ndiyo sababu wengine wameamua kumwoanisha mwanasesere na mwanga. Mnamo 2018 kampuni ya CAE ya Canada ilileta mwanasesere mjamzito aitwaye Lucina anayetumiwa pamoja na miwani hiyo. Mwanafunzi wa ukunga anaweka mikono yake juu ya mwili anaoweza kuushika, na wakati huo huo anaona ndani jinsi mtoto anavyogeuka akishuka kwenye nyonga. Hebu wazia mkunga aliyefundishwa jambo hilo kwa mchoro wa ubaoni, kisha umlinganishe na huyu.

Je, kuna ushahidi kwamba mambo haya yanafaa? Upo, ila usome kwa makini. Utafiti mkubwa zaidi kuhusu mafunzo ya kuigiza kwa wauguzi ulifanywa na muungano wa mabaraza ya wauguzi ya majimbo ya Marekani, ukachapishwa mwaka wa 2014. Vyuo 10 vilishiriki, na wanafunzi 666 wakafuatiliwa hadi mwisho. Kundi moja lilifanya mazoezi ya wadini kama kawaida, likiigiza kwa saa chache tu. La pili lilibadilishiwa robo ya saa za wadini zikawa za kuigiza, na la tatu nusu nzima. Katika ujuzi, na katika mtihani wa kupata leseni, haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo.

Wanaouza miwani hupenda sana kuutaja utafiti huo. Wasichokisema kwa sauti ni kwamba haukuwa wa miwani. Ulikuwa wa wanasesere, waigizaji na wakufunzi waliofunzwa barabara. Nao uchambuzi mmoja wa mwaka wa 2020 uliokusanya tafiti 12 za uhalisia pepe katika elimu ya uuguzi uligundua kwamba wanafunzi waliongeza maarifa kuliko wenzao, lakini katika ujuzi wa kutenda hapakuwa na tofauti. Kwa maneno mengine, kichwa kilifaidi, mikono ikabaki palepale.

BAADA YA MIWANI

Kuna sehemu ya mafunzo haya ambayo haipigwi picha za magazeti, nami nadhani ndiyo yenye uzito kuliko zote. Zoezi likiisha, miwani huvuliwa, viti hupangwa duara, na mkufunzi huketi na wanafunzi. Mara nyingi kikao hicho huwa kirefu kuliko zoezi lenyewe. Hakuna kugombezwa. Anauliza: Uliona nini? Ulifikiri nini? Kwa nini ukafanya vile?

Turudi kwa mwanafunzi wetu aliyekimbilia presha. Tuseme anajibu kwamba wiki iliyopita wadini alikaripiwa mbele ya wagonjwa kwa kutojaza chati, na tangu siku hiyo jambo la kwanza kichwani mwake ni chati. Mkufunzi mzuri ataling'amua kosa hapo. Kijana anajua vizuri adrenalini ni nini; alichojifunza wadini ni kumwogopa mkubwa wake kuliko kumtazama mgonjwa. Miwani ya dola elfu kadhaa haiwezi kuligundua jambo hilo. Linagunduliwa na mtu anayeuliza na kusikiliza. Wale watafiti wa Marekani wenyewe walionya kwamba matokeo yao yanategemea mazungumzo ya namna hii, na wakufunzi wanaojua kuyaendesha.

Jambo la pili ni kurudia, na hapa somo zuri liko karibu nasi, nchini Tanzania. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu wa afya walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa bila kupumua. Walijifunza kwa mwanasesere mchanga anayejazwa maji hadi akawa na uzito na ulegevu wa mtoto halisi. Baada ya mafunzo, kazi yao kwa mwanasesere iliboreka sana. Lakini katika chumba cha kujifungulia, kwa watoto wa kweli, watafiti waliochapisha matokeo mwaka wa 2013 hawakuona wakifanya tofauti na zamani.

Hospitali haikumtupa mwanasesere. Ilibadilisha ratiba. Mazoezi yakawa mafupi, ya dakika chache tu, lakini ya mara kwa mara, tena pale pale kazini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua. Mwanasesere alikuwa yule yule, na watoto hai wakaongezeka.

Hapa Kenya nako kuna waliojaribu njia ya bei nafuu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na wenzao wa KEMRI-Wellcome, walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE. Mhudumu anaufungua, anajikuta katika hospitali ya kuchorwa, mtoto mchanga hapumui, naye anaulizwa afanye nini kwanza na nini baadaye. Ipo pia namna ya kuuvaa machoni, lakini wabunifu wake walijua kwamba muuguzi wa kawaida hana mashine ya kuvaa kichwani, na simu anayo. Wapo watakaosema huo si uhalisia mseto. Ni kweli. Lakini unaweza kuurudia ndani ya matatu ukitoka kazini.

Tena kuna jambo ambalo vyuo vyetu vyafaa kulitazama kabla ya kutia saini ya kununua chochote. HoloLens ya pili iliuzwa dola 3,500 kila moja ilipotangazwa, mbali na ada za programu. Mnamo 2024 Microsoft ilithibitisha kwamba imeacha kuiunda. Kuna miwani mingine, kama Meta Quest 3 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2023 kwa dola 500 hivi, ambayo huonyesha chumba kwa kutumia kamera. Hiyo nayo haijulikani itadumu sokoni kwa muda gani. Mwanasesere wa mwaka wa 1990 bado anaweza kuoshwa na kugeuzwa kitandani hadi leo. Miwani ambayo mwenye kuiunda ameiacha itafika siku ya kuwa pambo la kabatini.

Yule msichana alirudi jioni, peke yake, akaomba autazame mkono wangu kama uvimbe umepungua. Tuliongea kidogo. Aliniambia kwamba chuoni kwao palikuwa na mkono mmoja wa plastiki wa kujifunzia kuweka dripu, kwa darasa zima. Ulikuwa umedungwa hata ukawa unavuja. Yeye alikuwa ameupata mara mbili tu tangu ajiunge na chuo. Mkono wa tatu ulikuwa wangu.

Kwa hiyo, mzazi, kama binti au kijana wako ametaja uuguzi, nawe mwanafunzi unayezunguka ukitafuta chuo, usidanganywe na picha ya miwani kwenye tangazo. Omba uonyeshwe chumba cha mazoezi. Uliza wanafunzi wangapi hutumia kitanda kimoja, na kama mtu huruhusiwa kurudi jioni kurudia zoezi lililomshinda. Uliza ni nani huketi nao baada ya zoezi, na kwa muda gani. Kisha utafute ule mkono wa plastiki uutazame kwa karibu. Ukiukuta umetobolewa kila mahali, shukuru. Ukiukuta ungali unang'aa kama siku ulipotolewa kwenye boksi, uliza ufunguo wa chumba hicho hukaa na nani.